Unga wa Mlo Mzima: Shajara ya Mradi, Wete, Pemba

Tarehe 3 Julai

Ninaufungua mradi huu kwa kueleza kilichouzaa. Wifi zangu wawili wanalima mwani katika ufukwe ulio kaskazini ya mji wa Wete, na kila linapofika bamvua, zile siku ambazo maji hupwa mbali zaidi, huteremka pwani saa 2 asubuhi wakiwa wamekunywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa jana, na hurudi majumbani saa 8 mchana au zaidi. Mpaka muhogo uive na mchuzi uungwe, alasiri imeshaingia. Kwa hiyo katika siku za bamvua, mara mbili kila mwezi, wanawake hawa hufanya kazi nzito kuliko siku nyengine zote na hula kidogo kuliko siku nyengine zote.

Nimekuwa nikisoma habari za watu wanaotaka kuacha kabisa kupika na kuishi kwa unga uliopimwa. Anayejulikana zaidi ni Rob Rhinehart, mhandisi kijana wa Marekani, ambaye mwaka 2013 alieleza namna alivyoishi siku 30 kwa kinywaji alichokichanganya mwenyewe kutokana na wanga, protini, mafuta, vitamini na madini, kinywaji ambacho baadaye kiliuzwa kwa jina la Soylent. Lililonivutia ni kosa lake, alilolisimulia bila ya kuficha: katika mchanganyiko wa mwanzo alisahau kutia madini ya chuma, na moyo wake ukaanza kwenda mbio. Mtu anayekula wali, mchicha, samaki na kunde hahitaji kukumbuka madini ya chuma, kwani humfikia yenyewe kutoka sehemu tatu au nne kwa wakati mmoja. Anayejitengenezea mlo mmoja wa kuchukua nafasi ya yote hayo amebeba jukumu la kukumbuka kila kitu, na nimeliandika jambo hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu ili nisije nikalisahau.

Ninatafuta majibu ya maswali mawili. La kwanza ni kama vyakula vinavyopatikana katika masoko ya Pemba vinaweza kusagwa na kuchanganywa hadi viwe unga unaomtosheleza mtu mzima kwa siku nzima. La pili ni kama unga huo utamfaa mtu aliyesimama ndani ya maji akifunga mwani. Nitaanza kwa kujijaribu mwenyewe kwa siku 30. Ofisa wa lishe niliyemwendea alinisikiliza kwa makini na akanipa masharti: asishirikishwe mtoto, mjamzito wala anayenyonyesha; nipime uzito kila wiki na damu kabla na baada; na niache mara moja nikipungua zaidi ya kilo 2. Leo nina kilo 62.4, na kipimo cha wingi wa damu ni 12.6.

Tarehe 6 Julai

Hesabu ya karatasini imekamilika. Nimekusudia kalori 2,000 kwa siku au karibu yake, na viambato nilivyochagua ni hivi: unga wa muhogo gramu 180, choroko gramu 120, mtama gramu 80, ufuta usiokobolewa gramu 60, dagaa wakavu gramu 30, majani makavu ya mlonge gramu 10, na mafuta mekundu ya mawese gramu 20 yatakayotiwa wakati wa kupika. Jumla ni nusu kilo kamili. Majedwali ya lishe yanaonesha kwamba mchanganyiko huu unatoa kalori zisizopungua 1,900 na protini inayokaribia gramu 70, ilhali mtu wa uzito wangu anahitaji kama gramu 50. Madini ya chuma yanafika miligramu 19, na mahitaji ya mwanamke wa umri wa kuzaa ni 18.

Choroko na ufuta sikuviweka pamoja kwa bahati. Protini ya kunde na choroko ina laisini nyingi na methionini chache, vipande viwili vinavyoijenga protini, na ya ufuta iko kinyume chake, hivyo kila kimoja hujaza pengo la mwenzake. Karanga na mahindi nimeviacha makusudi kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotolewa na fangasi ambao hustawi panapokuwa na joto na unyevu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoingia sumu hiyo, na mimi sina chombo cha kuipimia.

Vitamini C haimo katika unga huu wala haitakuwamo, kwa kuwa joto la kupikia huiharibu. Nitakula pera moja bichi kila siku, nalo linatosha na kuzidi. Kwa maana hiyo, tangu hapa mwanzo nakubali kwamba ninachokitengeneza ni unga pamoja na tunda.

Tarehe 9 Julai

Siku tatu nzima zimekwenda katika muhogo peke yake, na sijutii hata saa moja.

Muhogo una linamarini, ambayo mmea ukikatwa au kupondwa huvunjika na kutoa sumu ya sianidi. Katika muhogo mtamu ni kidogo, na katika muhogo mchungu ni nyingi, na ukame huizidisha. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu waliokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri walipatwa na konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla na yasiyopona. Kiwango kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 kwa kila kilo ya unga. Mtu anayekula muhogo mara mbili kwa wiki pamoja na samaki hana haja ya kuingiwa na wasiwasi, lakini mimi nimekusudia kuula kila siku, mara tatu kwa siku, na kwa hivyo jambo dogo linageuka kuwa kubwa.

Mwili huiondoa sianidi kwa kuiunganisha na salfa inayotokana na protini, hasa methionini, na hapo ndipo ufuta na dagaa wanapopata kazi ya pili ambayo sikuihesabu. Kinachobaki baada ya kuunganishwa huko ni thayosianeti, nayo huizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Kumbe katika nusu kilo ile niliyoipanga kana kwamba kila kitu kimekaa peke yake, muhogo unaidai methionini ya ufuta na unayadai madini joto ya chumvi. Jedwali halioneshi madeni haya, kwa sababu kila safu yake inasimama mbali na nyengine.

Nilimweleza mama yangu, ambaye ana miaka 74 na ametengeneza makopa tangu utoto wake. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, huo muhogo uliumenya, ukaurowesha siku ngapi?" Nikamjibu kwamba niliukata na kuuanika tu. Aliinuka bila ya kusema neno, akauchukua muhogo uliobaki, akaumenya hadi ganda la ndani lile la rangi ya waridi, akautumbukiza katika pipa la maji na kuuacha siku tatu mpaka ukalainika na kutoa harufu kali ya uchachu. Leo tumeutoa, tumeukamua, tumeuvunja kwa mikono na kuuanika juu ya jamvi. Aliuchukua mnofu mmoja, akauminya kati ya vidole viwili, ukaachana nyuzi kwa nyuzi, akasema, "Sasa huu umekufa."

Kwa tahadhari nimeongeza njia iliyoenezwa na Howard Bradbury wa Australia: unga mkavu unaloweshwa kwa maji hadi uwe kama donge laini, unatandazwa kwa kina kisichozidi sentimita moja, na kuachwa juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano ili sianidi iliyobaki itoke kama hewa. Wenyewe huupika siku hiyo hiyo. Mimi nitauanika tena, na katika mvua hizi za mchoo hilo ni sharti zito.

Tarehe 14 Julai

Nimebadilisha mtama kwa ulezi. Nilikuwa nimeotesha mtama ili nipate kimea, na mizizi midogo myeupe ilishatokeza, ndipo nilipokumbuka kwamba vichipukizi vya mtama navyo vina sianidi yake. Vinaweza kupukutwa na kutupwa baada ya kuanikwa, na wanaojua kazi hiyo huifanya vizuri, lakini sikuona sababu ya kuongeza mlango wa hatari ambao ulezi hauna. Juu ya hayo, ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyengine tunazozijua, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100. Huku hatuupandi, unaletwa kwa boti kutoka Bara, lakini dukani haukosekani.

Sababu ya kutaka kimea ni hii. Unga wa nafaka na muhogo ukipikwa hunywa maji na kuwa mzito, na ili mtu auweze kuunywa hulazimika kuongeza maji, na akiongeza maji tumbo hujaa kabla ya lishe kutosha. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliwafundisha akina mama kutumia kimea katika uji wa watoto kwa ajili ya tatizo hili hasa. Leo nimelishuhudia kwa macho yangu. Nilipika uji mzito kiasi cha kijiko cha mti kusimama wima ndani ya sufuria, nikauteremsha, nikausubiri upoe hadi nikaweza kukigusa chombo bila ya kukiacha haraka, kisha nikatia kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Kijiko cha mti kikaanza kuinama polepole, kikalala kwenye ukingo, na kabla ya dakika tano uji ukawa unamiminika kama tui la kwanza. Ni uji ule ule, wenye chakula kile kile, bila ya tone la maji kuongezwa. Baada ya hapo niliurudisha jikoni ukachemka tena, kwani kimea kibichi huwa na vijidudu.

Kuotesha na kuroweka kuna faida nyengine niliyoihitaji zaidi. Choroko, ulezi na ufuta vina faiteti, ambayo huyafunga madini ya chuma na zinki yasinyonywe na mwili. Zile miligramu 19 nilizozifurahia tarehe 6 hazikuwa zangu mpaka hapo faiteti itakapopunguzwa. Kuanzia sasa choroko zitarowekwa usiku kucha na maji yake yatamwagwa, na pera litaliwa pamoja na uji, si baada yake, maana vitamini C husaidia madini ya chuma kupenya.

Tarehe 20 Julai

Dagaa wetu huchemshwa katika maji ya chumvi pale pwani kabla ya kuanikwa, na ndiyo maana hudumu. Niliwarowesha gramu 100 katika lita moja ya maji, nikayachuja maji hayo na kuyachemsha mpaka yakakauka, na kilichobaki chini ya sufuria, cheupe na chenye kung'ara, kilikuwa na uzito wa gramu 9. Dagaa wangu wa siku moja, gramu 30, wanaingiza basi karibu gramu 3 za chumvi. Kikomo kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku.

Ugumu wake ni kwamba chumvi iliyomo ndani ya dagaa haikutiwa madini joto, na bahari peke yake haiifanyi chumvi kuwa nayo ya kutosha, jambo ambalo watu wa visiwani huwa wagumu kuliamini. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo inampa mtu mikrogramu 150 anazozihitaji akila gramu 5. Nikiwaacha dagaa walivyo, nafasi ya chumvi hiyo inabaki ndogo, na muhogo, kama nilivyoandika tarehe 9, unazidisha mahitaji. Nimeamua kuwarowesha dagaa kwa nusu saa, kuwasuuza na kuwaanika upya, kisha chumvi ya madini joto itiwe mwishoni. Wanapoteza ladha kidogo. Kuwaacha kabisa siwezi, kwa kuwa vitamini B12 haipatikani katika kitu chochote kilichoota ardhini, na katika orodha yangu dagaa ndiye mnyama pekee.

Tarehe 25 Julai

Unga wa kwanza umesagwa, wa siku 10. Mashine tuliyoutia ilikuwa imetoka kusaga mdalasini, na mfanyakazi alituhakikishia kwamba imefagiliwa. Haikufagiliwa. Unga wote unanukia mdalasini, pamoja na dagaa waliomo. Nitaula hivyo hivyo. Kesho ninaanza.

Tarehe 30 Julai, siku ya tano

Ninakunywa mara tatu kwa siku, kila mara gramu 160 za unga na kijiko cha mawese. Tumbo limejaa hewa tangu siku ya pili. Nyuzinyuzi katika mchanganyiko huu zinakaribia gramu 35, na ninaamini kwamba kwa kawaida nilikuwa nikila nusu ya hizo. Ilinipasa kuanza kwa mlo mmoja na kuongeza taratibu kwa wiki mbili, na yeyote atakayeufuata mradi huu namnasihi afanye hivyo. Njaa sijaisikia hata mara moja.

Jambo jengine la kuandika ni kwamba ninatumia dakika 25 jikoni kwa kila mlo, kwani choroko na muhogo mbichi haviliwi kwa kukorogwa na maji ya moto. Kwangu mimi ambaye skuli imefungwa, si taabu. Kwa wifi zangu, unga unaohitaji dakika 25 za moto haujawapunguzia chochote.

Tarehe 3 Agosti, siku ya tisa

Asubuhi nilipofunua ndoo ilitoka harufu ya mafuta yaliyochina. Ufuta uliosagwa umeachia mafuta yake, dagaa vivyo hivyo, na unyevu wa hewa ya hapa umefanya yaliyobaki. Nimeutupa unga wote uliosalia. Awamu ya pili inahifadhiwa kwa namna tofauti: muhogo, ulezi na choroko vinasagwa pamoja na kukaa katika ndoo moja yenye kifuniko kinachobana, na ufuta na dagaa nitavitwanga kinuni kila baada ya siku tatu. Uzito ni kilo 61.6.

Tarehe 7 Agosti, siku ya kumi na tatu

Kila mchana mume wangu, mama na watoto wanakaa kwenye sinia, nami nakaa pembeni yao na bakuli langu. Jana palikuwa na mashelisheli ya nazi na changu wa kukaanga. Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, alichukua kipande cha samaki, akakitoa miiba kama ninavyomtolea mimi siku zote, akakiweka kwenye ukingo wa sinia upande wangu na kusema, "Mama, hichi chako." Sikukila. Aliendelea kukitazama mpaka sinia lilipoondolewa.

Ninaliandika hili hapa kwa kuwa ni sehemu ya matokeo. Nilipoupanga mradi nilipima protini, mafuta na madini ninayoyapata katika mlo wa mchana, lakini sikupima kwamba mlo huo ndio wakati pekee katika siku ambapo watu watano wa nyumba hii wanakaa mahali pamoja na mikono yao ikagusana. Katika siku 13 nimesikia mazungumzo yao nikiwa jirani yao tu. Mume wangu hakulalamika, lakini juzi aliniuliza siku zilizobaki ni ngapi, na alishawahi kuniuliza swali hilo kabla.

Tarehe 10 Agosti, siku ya kumi na sita

Bamvua limeingia, nami nimeteremka pwani pamoja na wifi zangu nikiwa na chupa tatu za chai zilizojaa uji wangu. Maji yalikuwa yametoka mbali kiasi cha kuonekana kama mstari mweupe tu. Nilitembea nao baina ya safu za vigingi, nikawasaidia kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na kabla ya saa 5 mgongo ulikuwa unaniuma. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nje ili itolewe karagini, ambayo viwanda hutia katika maziwa na vinywaji ili chembe zisizame chini. Huenda basi katika vile vinywaji vya mlo mzima vya nchi za mbali mkamo jasho la watu wa pwani kama hii, na wao wenyewe wakawa hawajala tangu alfajiri.

Saa 6 niliwamiminia wanawake saba waliokubali kuuonja. Walikunywa kwa adabu, na wawili walimaliza vikombe vyao. Mmoja wao, mtu mzima kuliko sote, alinirudishia kikombe kikiwa nusu na kunieleza wazi: "Mwalimu, Mungu akujaalie kheri kwa nia yako. Lakini mikono yetu imejaa maji ya chumvi na mchanga. Kikombe tukishike vipi, tukikoshe wapi? Tuletee kitu tutakachokitia mdomoni huku tunafunga." Wifi yangu akaongeza kwamba ukishakunywa uji mwingi na kuinama, unarudi kooni.

Sikuwa nimelifikiria hata moja kati ya hayo.

Tarehe 12 Agosti, siku ya kumi na nane

Nimesimamisha jaribio la kuacha vyakula vyote. Uzito ni kilo 61.1, kwa hiyo sharti la ofisa wa lishe sikulivunja, na kipimo cha damu ni 12.4. Sitadai kwamba vipimo hivi vinathibitisha chochote, kwani chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, na kosa katika madini ya chuma lisingeweza kujitokeza ndani ya siku 18. Nimekwenda hitimani kwa jirani, nikapewa boko boko, na nimelila. Kulikataa mbele ya wafiwa kwa sababu ya jaribio langu kungekuwa ni kukosa utu, na sikusita.

Sababu kubwa, hata hivyo, ni kwamba swali la kwanza limeshanijibu kadiri linavyoweza. Inawezekana kutengeneza mlo wa siku nzima kwa vyakula vya soko la Wete, kwa sharti la muhogo kuvundikwa, choroko kurowekwa, ulezi kuoteshwa, dagaa kusuuzwa, ufuta kutwangwa ungali mpya na tunda bichi kuliwa pamoja nao. Kazi hizo zote, isipokuwa kupima kwa gramu, mama yangu alikuwa akizijua kabla sijazaliwa. Mtu mwenye afya, aliye nyumbani kwake na watu wake, hana anachokipata kwa kubadilisha sinia kwa bakuli. Mgonjwa ni habari nyengine: maziwa ya F-100 wanayopewa hospitalini watoto wenye utapiamlo mkali, na ule mchanganyiko wa karanga na maziwa uliobuniwa Ufaransa mwaka 1996, wenye kalori 500 katika pakiti ya gramu 92, vimeokoa maisha ya watoto wengi. Lakini hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya wiki chache na kwa mwili ambao hauwezi kula chengine.

Kuanzia leo mradi huu ni wa mlo mmoja tu, mchana wa bamvua.

Tarehe 17 Agosti

Nilikuwa nikihangaika na namna ya kuufanya unga ushikane, na mama aliyekuwa akichambua mchele akasema, "Si ufanye ladu." Ni kweli. Ladu ni unga uliokwishaiva, unafinyangwa mviringo, una pilipili manga na tangawizi, haliharibiki upesi na hushikwa kwa vidole viwili.

Utengenezaji sasa ni huu. Uji mzito wa muhogo, ulezi na choroko unapikwa mpaka uive kabisa, unatandazwa juu ya sinia zilizopakwa mafuta kidogo, unaanikwa mpaka uvunjike kama mkate mkavu, kisha unatwangwa. Ufuta unakaangwa bila ya mafuta mpaka uanze kuruka, unatwangwa mpaka utoe mafuta yake wenyewe, na mafuta hayo pamoja na tende zilizotolewa kokwa ndiyo yanayoushika unga. Dagaa wanakaangwa wakauke na kutwangwa laini. Ladu tatu, kwa jumla gramu 130, ndizo mlo mmoja, na hesabu yangu inaonesha kalori 500 au karibu yake na protini zaidi ya gramu 15. Mawese nimeyaacha kwa sababu yalizifanya ladu zirowe. Vitamini A iliyokuwa ikiletwa na mawese hayo inabaki kuwa kazi ya mlo wa usiku, na ninaridhika iwe hivyo, maana mlo huu haudai tena kuwa ni wote.

Nimetengeneza aina mbili. Ya kwanza ina tende nyingi na dagaa wachache kiasi kwamba hawasikiki. Ya pili ina tende chache, dagaa wengi, pilipili manga na ndimu iliyokaushwa na kutwangwa. Ninatarajia ya kwanza ipendwe.

Tarehe 24 Agosti

Ilipendwa ya pili. Wanawake saba, siku mbili mfululizo, na wote saba waliichagua ya dagaa. Wifi yangu mkubwa alinieleza kwamba tamu inawatia kiu, na pwani maji ya kunywa ni machache, lakini hii yenye ndimu na pilipili inaifungua mdomo na kumfanya mtu ahisi amekula mchuzi. Niliwatazama wakila. Kila mmoja ana mfuko mdogo wa kitambaa shingoni, anainua mkono mmoja, anatia ladu kinywani, na mkono wa pili haujaiachia kamba. Saa 7 na nusu walipotoka majini walikuwa wakicheka, jambo ambalo tarehe 10 sikuliona.

Lalamiko moja limekuja na ni la haki: ladu za siku ya pili zilikuwa ngumu, na yule bibi mtu mzima, mwenye meno machache, alilazimika kuzichovya katika chai. Nadhani uji ulianikwa kupita kiasi. Nitapunguza saa za jua na kuongeza tende moja kwa kila ladu kumi, kisha nizihifadhi siku tatu nione kama zitaota ukungu.

Tarehe 29 Agosti

Ladu za majaribio zimefika siku ya nne zikiwa laini, bila ya ukungu wala harufu ya kuchina. Siku ya tano sizihesabu kuwa salama. Ofisa wa lishe ameonja na kuomba nimwandikie vipimo vyote, na amesisitiza kwamba hata katika ladu muhogo uwe ule uliovundikwa siku tatu, si chini yake. Damu yangu itapimwa tena mwishoni mwa Novemba.

Wanawake wa pwani wameniomba ladu 120 kwa bamvua lijalo, na wawili kati yao watakuja nyumbani kwangu kujifunza kuzitengeneza ili wasinitegemee mimi. Muhogo wa kazi hiyo uliingia pipani asubuhi hii. Mama ameweka jiwe juu yake ili usielee, na ameniambia nisilifunue pipa kabla ya Jumatatu.